Wa Nane, Siku ya Nane Nane

Orodha niliibandika mlangoni mwa friji jioni ya Nane Nane, tulipotoka na watoto kwenye maonyesho ya viwanja vya Mwalimu Nyerere. Timu nane, ya kwanza hadi ya nane, kila moja na alama zake na maneno machache pembeni. Asubuhi yake mama mkwe hakuja mezani kunywa chai.

Nianze na nyumba, maana bila nyumba kisa hiki hakieleweki. Tunakaa Bigwa, Morogoro, upande wa kupandisha mlimani, ukiiacha barabara kuu ya Dar es Salaam na kushika ile ya Mkuyuni na Matombo. Ukisimama uani unaona minara ya mawasiliano kule juu Bondwa. Mimi ni mtu wa Singida, na kwetu mtoto ni wa baba na shamba ni la baba. Nimeoa kwa Waluguru, ambako ukoo, wao huuita lukolo, hufuata upande wa mama, na ardhi hukaa mikononi mwa ukoo huo. Kiwanja tulichojenga ni cha kina mke wangu. Mama mkwe alishuka kutoka Kinole miaka minne iliyopita, miteremko ilipoanza kumshinda magoti, akaja na kinu chake, redio yake, na paneli ndogo ya sola aliyonunuliwa na mwanawe aliyeko Muscat. Paneli hiyo aliitaka ipandishwe juu ya bati la jiko la uani, ingawa nyumba ina umeme. Simu yake huichaji hapo, mchana, kila siku. Tulimwambia atumie soketi ya sebuleni kama sisi sote, akasema jua halina deni.

Ligi yenyewe ni ya kwenye simu, mchezo wa ukocha. Huchezi mpira kwa vidole. Unasajili, unapanga kikosi, unachagua mfumo, unaamua nani apige penalti, kisha saa tatu kamili usiku kompyuta iliyo mbali huko inazichezesha mechi zote kwa pamoja, uwepo usiwepo. Michezo ya aina hii ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Uingereza walikuwa na Championship Manager tangu 1992, Waswidi wakaipeleka kazi hiyo kwenye intaneti kwa Hattrick mwaka 1997, na Top Eleven ikatoka Belgrade mwaka 2010. Huo wetu unaruhusu watu wanaofahamiana wafungue ligi yao wenyewe, na sisi tulifungua ya ukoo: mimi, mke wangu, kijana wetu mkubwa anayesubiri kwenda chuo, binti wa kidato cha tatu, shemeji wa Muscat, shemeji wa Kigamboni, jirani yetu fundi pikipiki, na mama mkwe. Timu nane, kila moja inakutana na nyingine mara mbili, raundi 14, mechi moja kila usiku. Wiki mbili msimu umekwisha.

Niseme kwa nini naijali ligi hii. Shemeji anaendesha lori Oman mwaka wa sita sasa. Kabla ya ligi tulikuwa tunasikia sauti yake Idi hadi Idi, na akipiga tunaulizana afya, mvua, mahindi, basi, salio limekwisha. Tangu ligi ianze, kila usiku baada ya saa tatu simu inaita. Anamtania mpwa wake, anamwuliza dada yake kwa nini alimweka benchi beki mzuri, na katikati ya hayo anasema mengine: kwamba joto limezidi, kwamba mwajiri kabadilika, kwamba anatamani ndizi mzuzu. Jambo linaloleta sauti ya mtoto wa watu nyumbani kila usiku silichukulii kuwa la kitoto.

Mama mkwe aliingia mwenyewe, hakuombwa. Alikuwa anasikia kelele zetu kutoka uani, jioni moja akaja akauliza na yeye atapataje timu. Herufi za simu ni ndogo kwa macho yake, kwa hiyo kitinda mimba wetu, wa darasa la tano, akawa anamsomea na kubonyeza anachoagizwa. Timu akaiita Mseto. Sikumwuliza kwa nini.

Sasa orodha. Kabla ya msimu wowote watu hupanga nani wa kwanza na nani wa mwisho, iwe kijiweni, redioni au gazetini, hasa Agosti, wakati Simba wana siku yao na Yanga wana wiki yao na kila shabiki amekwisha kubeba kombe kichwani. Mimi nafundisha hesabu. Niliona ligi yetu inastahili orodha ya haki, si ya mdomo. Nikakaa siku tatu na daftari la mistari mikubwa. Kikosi cha kwanza nilikipa alama 50, kwa wastani wa wachezaji 11 ambao mchezo wenyewe umewapima. Benchi alama 20, kwa sababu mechi za kila usiku zinachosha, na kikosi chembamba hukatika raundi ya sita au ya saba. Umri alama 15, maana katika mchezo huu kijana hukua akifanyishwa mazoezi na mtu wa miaka 33 hushuka tu. Alama 15 za mwisho nilimpa kocha: anaingia mara ngapi kwa siku, anabadilisha mfumo kulingana na mpinzani, anasoma majeraha au hasomi.

Hadi leo naamini safu hizo nne ni sahihi. Tatizo lilikuwa namna nilivyozijaza.

Kijana wangu alipata 86 akawa wa kwanza. Shemeji wa Muscat wa pili. Mimi wa tatu, mke wangu wa nne. Mama mkwe alipata 41. Kikosi chake kilikuwa na wastani wa miaka 31. Alinunua watu wazima kwa sababu walikuwa bei rahisi na kwa sababu, kama alivyomwambia mjukuu, hao wameshajua kazi. Mshambuliaji wake alikuwa Mbwana Samatta. Jina hilo alilishika redioni, na lile bao la kichwa aliloifungia Aston Villa pale Wembley tarehe 1 Machi 2020, fainali dhidi ya Manchester City, analisimulia kama alikuwepo. Lakini mchezo ulikuwa umeshamshusha Samatta kwa umri wake, nami nikamshusha tena kwenye safu yangu ya tatu. Safu ya kocha nilimpa 2 kati ya 15.

Kalamu ya maka iliniishia nilipofika timu ya sita. Mbili za mwisho nikaandika kwa biro. Mstari wa nane ulisomeka hivi: "8. Mseto. Kikosi cha wazee. Kocha hashiki simu mwenyewe."

Mama alikuja na miwani yake, bakuli la dagaa mkononi, akasimama mbele ya friji. Alisoma kwa kidole, kutoka juu, bila haraka. Alipofika chini kidole kilikaa pale kidogo. "Asante, baba," akasema, akatoka uani na bakuli lake. Nilidhani imekwisha.

Asubuhi niliona moshi nyuma ya nyumba. Alikuwa amepanga mafiga yake matatu chini ya mwembe, sufuria yake ndogo juu yake, uji wa ulezi ukichemka, na mjukuu wa darasa la tano amechuchumaa pembeni na kikombe. "Shikamoo mama," nikasema. "Marahaba," akajibu. Akaishia hapo. Siku zote hunijibu "marahaba baba". Asiyeishi na mkwewe anaweza kuona neno moja si kitu.

Mke wangu alinipeleka chumbani akafunga mlango. "Baba watoto, unajua ulichoandika? Umemwandika mama yangu wa mwisho, kwenye ardhi ya mama yake, mbele ya wajukuu na jirani. Na si kwamba umesema timu yake dhaifu. Umesema hawezi kushika simu." Nikamwambia ni kweli hashiki. Akasema, "Ni kweli pia kwamba anapanda ngazi kwa kushikiliwa. Hilo nalo ungelibandika?"

Nilitaka kuitoa karatasi. Mke akakataa, akasema nikiitoa kimya kimya nitakuwa nimemkosea mama mara ya pili, kwa kujifanya hakuna kilichotokea. Hadi wazee wazungumze, ikae. Akampigia mjomba wake Kinole, kaka yake mama, ambaye kwa desturi yao ndiye mwenye neno la mwisho katika nyumba hii, na mjomba akasema atashuka Jumapili ya wiki ya pili, siku ile ile ambayo ligi ingeanza. Mama alipikia chini ya mwembe siku tisa.

Kuwekwa wa kwanza nako kulifanya yake, na hapa nakuja kwenye mkasa wenyewe. Kijana wangu, tangu alipoiona ile 86, hakutulia. Aliyeandikwa wa kwanza hana mahali pa kwenda isipokuwa chini, na alilijua hilo. Alitaka mazoezi kila saa, alitaka kuangalia soko la wachezaji usiku wa manane, alitaka kucheza mechi za kirafiki mfululizo. Yote hayo yanakula bando. Jumamosi nilimpa shilingi 20,000 anunue umeme. Kwenye mita alikuta bado kuna yuniti 6. Akajipigia hesabu kwamba zitavuka hadi Jumatatu, siku ambayo fundi pikipiki humlipa ujira wa wiki, akanunua kifurushi cha intaneti kwa ile pesa, akanyamaza. Hakuwa mwizi. Alikuwa na deni la heshima lililoandikwa kwa mkono wa baba yake.

Yuniti 6 hazikuvuka. Jumapili asubuhi mke wangu alipiga pasi nguo za kanisani za watu watano. Shemeji wa Kigamboni alikuwa amefika usiku uliotangulia, na friji lilijazwa kwa ajili ya mjomba: kilo nne za nyama ya ng'ombe, perege wa Mindu, maziwa ya mtindi. Saa moja na robo usiku taa zikazimika.

Nilitazama kwa jirani. Kwake kunawaka. Nikaenda kwenye mita, kile kitaa chekundu kikawa kinanitazama. "Namba za LUKU ziko wapi?" nikamwuliza kijana. Alisimama mlangoni, simu mkononi, asilimia 3 za chaji. Akasema kweli yote mara moja, na kwa hilo namheshimu. Simu yangu ilikuwa na chaji lakini haina salio, pesa zote zilikwenda kwa muuza nyama. Ya mke wangu ilikuwa imezimika tangu jioni. Wakala wa karibu alishafunga. Shemeji akatoa noti mbili za elfu kumi kwenye mkoba, na kijana akatumwa kwa miguu hadi barabara kuu, akatafute wakala aliye wazi. Aliondoka saa mbili kasoro. Simu yake ilizimika kabla hajafika getini.

Ratiba ya raundi ya kwanza niliipanga kwa kufuata orodha: wa kwanza na wa nane, wa pili na wa saba, na kuendelea. Usiku ule, saa tatu kamili, kijana wangu alikuwa anacheza na bibi yake. Na kipa wake namba moja alikuwa ameumia mchana kwenye mechi ya kirafiki, mechi ambayo hakuwa na haja nayo.

Mjomba alikuwa amekwisha kula. Tulikaa sebuleni kwa taa ya kandili, wakubwa kwenye makochi, watoto mkekani. Akaomba aione hiyo karatasi. Binti akaenda kuibandua, akarudi nayo imelegea mikononi kama kitambaa. Raba ya mlango wa friji letu imechoka, barafu la juu lilikuwa limeanza kuyeyuka na maji yanatiririka kwa nje, juu ya karatasi. Wino wa maka ulikuwa umechuruzika wote, mistari sita ya juu imekuwa madoa ya buluu. Biro haikutoka. Mjomba aliiinua kwenye mwanga wa kandili, akasoma kilichobaki kusomeka, akafika wa nane: kikosi cha wazee, kocha hashiki simu mwenyewe.

"Hii ndiyo orodha?" akauliza.

Nikamweleza. Nilimweleza safu zote nne kwa unyofu, na alinisikiliza bila kunikatiza, maana alikuwa karani wa ushirika ujanani na hesabu haimtishi. Mwisho akasema: "Umepima vizuri. Lakini hawa wawili wa chini uliwauliza?" Nikasema sikumwuliza mtu yeyote, kwa sababu orodha ya haki haitakiwi kumsikiliza mhusika. Akageuka kwa dada yake. "Sema, dada."

Mama alikuwa amekaa karibu na mlango wa uani, simu yake mapajani, mjukuu ubavuni. Aliongea polepole, akimtazama kaka yake badala ya kunitazama mimi, ndiyo adabu yao na mkwe.

"Mwaka 75 nilikuwa na miaka 17. Kaka unakumbuka, tulikaa kwa jirani mwenye redio, pale Kinole. Ikasemwa bingwa wa Tanzania ni Mseto ya Morogoro. Si Simba, si Yanga. Mseto ya hapa chini. Baba yetu alicheka hadi akalia. Kabla ya hapo kuna mtu aliwahi kutuambia Mseto ni wa ngapi? Sijui. Sisi tuliwajua kwa sababu ni wa kwetu. Huyu mkwe wangu ni mtu mzuri. Amepima wachezaji wangu, sawa, ni wazee, nimewachagua mimi. Lakini amesema sishiki simu. Hajawahi kuja kukaa na mimi saa mbili usiku akaona nafanya nini. Mtoto ananisomea, majina yote, aliyeumia, aliyechoka, anayecheza upande upi. Nasikiliza. Mimi mpira nimeusikiliza maisha yangu yote, sijauona. Kusikiliza si kushika?"

Hapo nilikosa la kusema, na sikutafuta. Ile 2 kati ya 15 niliitoa kwa kuhesabu vidole vinavyogusa kioo. Nilikuwa nimeacha kabisa kuhesabu kichwa kinachoamua. Wakati sisi wengine tunaingia mara kumi kwa siku na kubadilisha mambo ovyo, yeye alikuwa anaingia mara moja, na chaji imejaa, na majina yote yamesomwa.

Na usiku ule alikuwa ameshaingia. Tangu saa mbili na nusu, tulipokuwa tunasubiri umeme, wao wawili walikuwa wamemaliza kazi yao chini ya mwembe kwa mwanga wa mafiga. Mjukuu alinieleza baadaye walichofanya. Alimsomea bibi kwamba mpinzani anashambulia kwa mabeki wa pembeni. Bibi akasema basi Samatta asirudi kukaba, abaki juu, peke yake, kwenye nafasi wanayoiacha wakipanda. Mtoto akamwambia Samatta ana uchovu. Bibi akauliza kiasi gani. Mtoto akasema kidogo. "Abaki."

Mjomba alikuwa anafungua kinywa atoe neno lake pale simu ya mama ilipoita. Ilikuwa simu pekee iliyojaa chaji katika nyumba ile. Mtoto akaiweka sauti ya nje. Saa tatu na dakika chache kwetu, saa nne Muscat, na shemeji anapiga kelele mpaka kioo cha kandili kikawa kama kinatetemeka: "Mama! Umemfunga! Mbili moja! Samatta dakika ya 71!"

Sitasahau kicheko cha mjomba. Mama hakucheka. Alifunika mdomo kwa upande wa kitenge, mabega yakawa yanatikisika, na machozi yakamtoka. Mke wangu akaenda kukaa sakafuni karibu naye.

Kijana alirudi saa tatu na nusu na tarakimu 20 kwenye kipande cha karatasi. Tukaziingiza, taa zikawaka, akaona nyuso zetu. Akamwendea bibi yake, akamshika miguu. "Kipa wako mbovu," bibi akamwambia. "Kumi na nane lake lote liko wazi."

Neno la mjomba lilikuwa fupi. Orodha ni kitu chema na iendelee kuandikwa. Lakini kabla mtu hajawekewa nafasi, aulizwe timu yake anaiendeshaje, na jibu lake liandikwe kwa maneno yake. Mimi nitamnunulia mama doti moja ya kanga. Kijana atarudisha 20,000 kwa shangazi... akajisahihisha, kwa mama yake mdogo wa Kigamboni, na nyama iliyoyeyuka ipikwe yote usiku huo huo na majirani waitwe. Tulipika hadi saa sita, mama akiwa jikoni kwetu, akiamuru chumvi.

Baada ya wageni kuondoka nilirudi kwenye daftari, kwa sababu suala la hesabu lilikuwa bado linanisumbua. Je, orodha yangu ilikosea, au Mseto ilibahatisha tu? Mechi ya kompyuta ni bahati nasibu iliyopimwa: mashine inalinganisha nguvu ya shambulizi na nguvu ya ulinzi, kisha inavuta namba. Mwenye nguvu ana karata nyingi zaidi kwenye fungu, lakini hana zote. Tangu Agosti 2018 FIFA hupanga timu za taifa za wanaume kwa njia iliyotokana na ya Arpad Elo, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria aliyeitengeneza kwa ajili ya sataranji huko Marekani. Niliijaribu. Wa kwanza nikampa pointi 1,100, wa nane 500. Tofauti ya 600, kwa kanuni ya FIFA, humpa mnyonge nafasi ya 1 kati ya 11. Kwa uzito wa mechi wa 40, kijana angeshinda angeongeza pointi kama 4 tu. Bibi aliposhinda aliongeza 36. Uzuri wa njia hiyo ni kwamba inakubali kukosea: inasema mapema inatarajia nini, na ikishangazwa inajisahihisha kwa ukubwa wa mshangao wake. Orodha yangu ya maka haikuwa na mlango wa kujisahihisha. Ilikuwa imegandishwa kwa gundi.

Nikawakumbuka wengine waliopimwa mapema. Waliocheza Championship Manager ya msimu wa 2001/02 wanamjua Tonton Zola Moukoko, kijana aliyezaliwa Kinshasa, akakulia Uswidi, akachukuliwa na Derby County akiwa mdogo. Ndani ya mchezo alikuwa lulu, makocha wa kompyuta duniani kote walimgombea. Katika uwanja wa kweli hakufika huko. Namba zilikuwa zimepima kipaji chake, hazikujua maisha yake. Upande wa pili wako Tukuyu Stars wa Mbeya, waliopanda daraja na kutwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1986 moja kwa moja. Na hapa hapa mkoani, Mtibwa Sugar ya Turiani ilitwaa ubingwa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, kisha msimu wa 2023/24 ikashuka daraja, na mwaka 2025 ikarudi. Mwenye kuipanga Mtibwa kwa jina lake la zamani angekosea, na aliyeizika alipoiona imeshuka angekosea pia.

Kwa hiyo safu nimeziacha nne, ila ya nne nimeibadilisha. Sihesabu tena mara ngapi kocha anaingia. Nakwenda kukaa naye jioni moja kabla ya msimu, namwuliza maswali matatu, naandika anachosema. Fundi pikipiki, aliyekuwa wa saba, aliniambia huingia saa nane usiku kwa sababu ndipo mtoto wake mgonjwa anapolala. Nilikuwa nimemkata alama kwa uzembe. Shemeji wa Muscat aliniambia mfumo wake huupanga akiwa kwenye foleni ya mzigo bandarini Sohar. Kwa mama nilikaa kwenye kigoda chini ya mwembe, nikamsikiliza hadi mafiga yakapoa. Alinijibu "marahaba baba" kabla sijakaa.

Ligi iliisha usiku wa raundi ya 14. Kijana wangu alikuwa bingwa, kwa tofauti ya pointi mbili. Mimi nilikuwa wa sita. Mseto ilishika nafasi ya tatu, na Samatta alimaliza na mabao 9.